Mpango Utangulie Mauzo: Mwongozo wa Kupanga Makazi Kandokando ya Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi

Walengwa na shabaha

Mwongozo huu ni wa maafisa mipango miji, wapima ardhi, watendaji wa kata na vijiji, na wenyeviti wa mitaa wanaofanya kazi pale Dar es Salaam inapokutana na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi wilayani Kisarawe. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ongezeko hilo la watu zaidi ya milioni moja linahitaji makazi, na ardhi ambayo wengi wanaimudu iko pembezoni: Chanika, Buyuni, Pugu, Kisarawe. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2024, ikiwa na kituo Pugu, mvuto wa maeneo hayo umezidi.

Msitu wa pembezoni mwa mji hautoweki kwa siku moja. Unamegwa kiwanja baada ya kiwanja, na kila mauzo yana mnunuzi, dalali, mashahidi na muhuri. Nyumba zikishasimama, mpangaji hubaki kuchagua kati ya kubomolea watu na kupoteza msitu, na yote mawili ni maumivu. Kwa hiyo kanuni kuu ya mwongozo huu ni moja: mpango ufike kabla ya dalali.

1. Fahamu kinacholindwa

Pugu na Kazimzumbwi ni masalia ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, yenye mimea na wanyama wasiopatikana kwingine duniani. Komba wa Rondo, mmoja wa komba wadogo kuliko wote, anajulikana katika misitu michache tu ya pwani ya Tanzania, na Pugu ni mmojawapo.

Vilima vya Pugu ndiko Mto Msimbazi unakoanzia, kabla ya kuteremka hadi Vingunguti, Jangwani na baharini karibu na Daraja la Salenda. Udongo wa vilima hivyo una kichanga kingi. Ukivuliwa miti, mvua za masika huusomba hadi mtoni. Kina cha mto hupungua na maji hutafuta njia ndani ya nyumba za watu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu jijini, na serikali ikawahamishia Mabwepande wakazi wengi wa mabondeni. Uchafu na ujenzi mabondeni vina mchango wao katika madhara hayo, lakini mteremko ulio wazi huko juu huyazidisha. Anayepanga Pugu anaamua pia usalama wa mkazi wa Jangwani.

2. Anzeni na ramani moja

Sehemu kubwa ya misitu hii iko Mkoa wa Pwani. Mitaa mingi inayoisogelea iko Dar es Salaam. Mpaka wa utawala ndio mwanya wa kwanza wa uvamizi, kwa kuwa kila halmashauri hudhani mwenzake analisimamia eneo. Jiji la Dar es Salaam, Halmashauri ya Wilaya ya Kisarawe na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) wakubaliane ramani moja yenye mipaka ya hifadhi, vijito, miteremko mikali, njia za asili na makazi yaliyopo. Nakala ibandikwe ofisi ya kila mtaa na kijiji kinachopakana na msitu.

Mipaka ikaguliwe kwa miguu, na wazee wa eneo wawepo. Jiwe la mpaka ambalo mwananchi hajawahi kuonyeshwa halimzuii kulima wala kujenga.

3. Pangeni ukingo kwa makini

Kosa linalorudiwa sana ni kupima viwanja hadi kwenye mpaka wa hifadhi, migongo ya nyumba ikiutazama msitu. Uzio husogea mwaka hadi mwaka, taka hutupwa nyuma ya ukuta, na moto ukiwaka hakuna anayeuona mapema. Tunapendekeza utaratibu ufuatao:

a) Mpaka wote wa hifadhi upakane na barabara ya umma, na nyumba zielekee barabara hiyo. Barabara hiyo itasaidia kuzuia moto, itakuwa njia ya doria, na kila mpita njia atauona uvamizi.

b) Viwanja vidogo na majengo ya ghorofa viwekwe karibu na kituo cha treni na barabara kuu. Kadiri mtu anavyosogelea msitu, yafuate mashamba ya mikorosho na miembe, bustani na viwanja vikubwa.

c) Kando ya msitu ipandwe miti ya asili ya pwani. Epukeni mwarobaini, kwa kuwa husambaa wenyewe na kuziba nafasi ya miche ya asili.

d) Uzoaji wa taka upangwe kabla ya wakazi kuhamia. Majalala huvuta kunguru wa India, ambao hula mayai na makinda ya ndege wengine.

4. Yaachieni maji nafasi

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka kwenye kingo za mito na vyanzo vingine vya maji. Umbali huo uchorwe kwenye ramani na upimwe ardhini, ukihusisha pia makorongo yanayokauka kiangazi. Barabara za mtaa zifuate kontua badala ya kuteremka moja kwa moja, kwa sababu barabara ya udongo iliyonyooka kuelekea bondeni hugeuka mfereji masika ya kwanza.

5. Simamieni mauziano

Kabla ya mwenyekiti au mtendaji kushuhudia hati ya mauziano, eneo lilinganishwe na ramani na majirani waitwe. Kama ardhi imo hifadhini au ndani ya meta 60 za mto, asitie saini, na amweleze mnunuzi sababu kwa maandishi. Desturi ya kudai asilimia 10 ya bei ikomeshwe, kwa kuwa humpa shahidi maslahi katika mauzo anayopaswa kuyachunguza. Mnunuzi aliyetapeliwa mara nyingi ni mtu wa kipato cha chini aliyedunduliza kwa miaka. Kumwonya mapema ndiyo huduma kubwa zaidi ambayo ofisi ya mtaa inaweza kumpa.

6. Wenyeji wapate sababu ya kulinda

Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka wananchi washirikishwe. Mkutano wa kusomewa mpango uliokwisha kuamuliwa hautoshi. Wachoma mkaa, wakulima, wafuga nyuki na kinamama wanaookota kuni waulizwe wanategemea nini msituni na nini kitachukua nafasi yake. Ajira za doria, vitalu vya miche na kuongoza wageni zianze na wao. Penye wakazi wa siku nyingi, tofauti iwekwe wazi kati ya aliyekuwapo kabla ya mpaka kuchorwa na aliyeuziwa juzi. Haki zao si sawa, ila wote wastahili kusikilizwa.

7. Kagueni kwa ratiba

Ukaguzi wa pamoja ufanyike angalau mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Msingi mpya unaochimbwa ndani ya mpaka ushughulikiwe wiki hiyohiyo, kabla ya ukuta kupanda na familia kuhamia. Taarifa isomwe kwenye mkutano wa mtaa, ikitaja hatua zilizochukuliwa.

Dar es Salaam itaendelea kukua, na wanaohamia pembezoni wana haki ya makazi bora. Kazi yetu ni kuwaonyesha mapema mahali pa kujenga, ili asiwepo wa kubomolewa kesho kwa saini tuliyoitia leo.