Tangi la Chambo Hai katika Boti Ndogo: Namna ya Kutengeneza, Kununua Vifaa na Kukagua

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya mmiliki wa boti ndogo ya alumini anayevua kwa ndoano na anayekusudia kujitengenezea tangi la kuhifadhia chambo hai. Katika Ziwa Victoria, wavuvi wa sangara hutumia furu na kambale wadogo walio hai kwenye kamba ndefu zenye ndoano nyingi. Chambo kikifa njiani, safari nzima huweza kuwa hasara. Kwa hiyo haja ya tangi inaeleweka.

Hata hivyo, tangi hilo hubeba maji, na kila lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Uzito huo hautulii mahali pamoja kama ulivyo uzito wa nanga au betri. Tangi lililotengenezwa bila hesabu huweza kuhifadhi samaki vizuri sana na papo hapo kuipindua boti. Msomaji anashauriwa kusoma sehemu zote kabla ya kununua kifaa chochote.

1. Je, unahitaji tangi la aina gani?

Jibu linategemea aina ya chambo. Kambale ana kiungo maalumu kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji. Kwa sababu hiyo huishi muda mrefu katika maji machache, mradi ngozi yake isikauke na awekwe kivulini. Mvuvi anayetumia kambale pekee hahitaji pampu. Ndoo yenye maji kidogo na mfuniko uliotobolewa matundu inamtosha.

Furu hana uwezo huo. Yeye hutegemea oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi. Kwenye usawa wa bahari, lita moja ya maji yasiyo na chumvi yenye nyuzi joto 20 huweza kubeba takribani miligramu 9 za oksijeni. Yakifika nyuzi joto 30, hubeba takribani miligramu 7.5. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo kiwango huko ni cha chini zaidi. Ndiyo maana kivuli, hewa na idadi ndogo ya samaki huokoa chambo kuliko ukubwa wa tangi.

2. Hesabu ya uzito

Boti nyingi ndogo za alumini zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani, zenye urefu usiofikia futi 20, huwa na kibao kinachoonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa kwa jumla ya watu, injini na mizigo. Uzito huo huandikwa kwa pauni. Pauni moja ni takribani kilo 0.45. Kama boti yako haina kibao, mwombe mkaguzi wa vyombo vya majini akuelekeze kabla ya kuongeza mzigo.

Tuchukue mfano wa boti yenye kibao cha pauni 770, yaani karibu kilo 350:

- Wavuvi wawili wenye kilo 75 kila mmoja: kilo 150
- Injini: kilo 45
- Petroli na tangi lake: kilo 20
- Betri: kilo 15
- Nanga, kamba, ndoano na vifaa vingine: kilo 30

Jumla ni kilo 260. Zimebaki kilo 90. Sasa mmiliki anatengeneza tangi lenye urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 40, na analijaza maji hadi kimo cha sentimita 30. Hayo ni maji lita 72, yaani kilo 72. Ukijumlisha kilo 8 za tangi lenyewe na pampu, mzigo umeongezeka kwa kilo 80. Nafasi iliyobaki kwa ajili ya samaki watakaovuliwa ni kilo 10 tu. Sangara wawili au watatu wakubwa hutosha kuipitisha boti kiwango chake, tena wakati wa kurudi, ambapo upepo huenda umekwisha kubadilika.

Mmiliki huyo huyo akitumia ndoo mbili zenye maji lita 15 kila moja, mzigo wa chambo utakuwa takribani kilo 32, na atabakiwa na kilo 58 kwa ajili ya samaki. Fanya hesabu hii kwa boti yako mwenyewe na uiandike.

3. Maji si farumi

Farumi huwekwa chini ya chombo ili kukituliza, na hukaa pale ilipowekwa. Maji yaliyo ndani ya tangi lisilojaa hukimbilia upande ambao boti imelalia na kuongeza mlalo huo. Wimbi likija wakati huo, au mvuvi akiinama ubavuni kumpandisha samaki, nguvu zote hukutana upande mmoja.

Kadiri tangi linavyokuwa pana kutoka ubavu hadi ubavu, ndivyo hatari inavyoongezeka kwa kasi. Ukiligawa tangi kwa ubao mmoja wa kati unaoelekea kutoka tezi hadi omo, athari ya maji kuhama hupungua hadi robo. Ndiyo sababu ndoo mbili ndogo ni salama kuliko tangi moja pana. Ikiwa ni lazima kutumia tangi moja, urefu wake ufuate mkuku, na upana wake mdogo ndio ukatize boti.

4. Mambo matatu ya kuepuka

*Usikate benchi la boti.* Katika boti nyingi za alumini, mabenchi yamejazwa povu gumu jepesi. Povu hilo ndilo linaloifanya boti iendelee kuelea inapojaa maji, ili waliomo wapate kitu cha kushikilia. Kila lita ya povu inayozama hutoa nguvu ya kuelea ya karibu kilo moja. Ukiondoa lita 60 za povu ili kupata nafasi ya tangi, umeondoa karibu kilo 60 za nguvu hiyo, na maji utakayoweka mahali pake hayatairudisha.

*Usitoboe boti chini ya mstari wa maji.* Tundu moja lililozibwa vibaya, au mpira mmoja uliochomoka, hutosha kuizamisha boti ndogo.

*Usigeuze pampu ya ngama kuwa pampu ya chambo.* Pampu ya ngama ina kazi moja, nayo ni kutoa maji ndani ya boti. Siku utakayoihitaji hutakuwa na muda wa kubadilisha mipira.

5. Ununuzi wa vifaa

Chagua ndoo za plastiki za lita 20 zenye mfuniko na rangi nyepesi, zilizokusudiwa kuhifadhia maji au chakula. Usinunue ndoo au pipa lililowahi kubeba dawa za mimea, mafuta au kemikali, hata kama muuzaji anadai limeoshwa. Plastiki hunyonya baadhi ya kemikali na kuziachia polepole.

Kwa pampu ya hewa, hakikisha volti iliyoandikwa inalingana na betri yako. Dai risiti na dhamana. Nunua pia fyuzi yenye kiwango kilichotajwa na mtengenezaji wa pampu.

Usitumie viungio vya shaba katika boti ya alumini. Shaba ikigusana na alumini penye maji, alumini huliwa. Vivyo hivyo, mbao zilizotiwa dawa yenye shaba zisigusane na boti. Tumia viungio vya plastiki.

6. Hatua za kutengeneza

1. Weka ndoo mbili karibu na katikati ya boti, moja kila upande wa mkuku, chini kabisa. Usiziweke juu ya benchi wala tezi karibu na injini.
2. Zifunge kwa kamba imara kwenye sehemu isiyosogea. Ndoo inayoteleza ni hatari kuliko maji yaliyomo.
3. Toboa mfuniko matundu ya hewa. Jaza maji ya ziwa lita 15 katika kila ndoo. Maji ya bomba yenye klorini huua samaki.
4. Weka pampu ya hewa juu kuliko usawa wa maji ya ndoo, ili maji yasirudi ndani yake inapozimwa.
5. Funga fyuzi kwenye waya chanya, karibu na betri. Waya zote mbili zirudi kwenye betri. Usitumie mwili wa boti kama waya wa pili, kwa kuwa umeme huo utaila alumini. Betri na swichi vikae mbali na tangi la petroli.
6. Funika ndoo kwa gunia lililoloweshwa. Samaki wakipanda juu na kutweta, badilisha theluthi moja ya maji au punguza idadi yao.

Anayependelea pampu ya kuvuta maji ya ziwani aitundike tezi na kuupitisha mpira juu ya ubavu. Mdomo wa mpira ubaki hewani, juu ya maji ya ndoo. Mdomo ukizama, pampu inapozimwa maji huweza kuendelea kupita, ama kuingia botini au kuikausha ndoo. Tundu la kufurikia liwe pana kuliko mpira wa kuingizia, liwe juu ya usawa wa maji ya nje hata boti inapokuwa na mzigo wote, na limwage nje, si kwenye ngama.

7. Jaribio la ufukweni

Kabla ya safari ya kwanza, fanya jaribio mahali penye maji ya kufika kiunoni, pasipo na mawimbi. Kila mtu avae jaketi okozi. Jaza ndoo, pakia mzigo wa kawaida, kisha pima umbali kutoka juu ya maji hadi ukingo wa boti. Waliomo wasogee polepole upande mmoja, na upime tena. Kama ukingo unakaribia maji, punguza maji ya chambo. Endesha pampu kwa nusu saa, izime, na usubiri nusu saa nyingine ukiangalia iwapo maji yanaongezeka botini. Ikiwa umebadilisha sehemu yoyote ya boti, mwite mkaguzi kabla ya kuitumia.

8. Chambo kilichobaki

Samaki hai wasihamishwe kutoka ziwa au mto mmoja na kumwagwa katika maji mengine. Sangara mwenyewe aliletwa Ziwa Victoria na binadamu katika karne ya 20, na aina nyingi za furu zilitoweka baada ya kuongezeka kwake. Pata kwanza maelekezo ya afisa uvuvi wa eneo lako kuhusu chambo kinachoruhusiwa na mahali pa kukipata.

Maswali ya kujipima

1. Kibao cha boti yako kinaruhusu kilo ngapi, na baada ya tangi la chambo zinabaki ngapi kwa ajili ya samaki?
2. Je, povu la mabenchi yako liko kamili?
3. Pampu ikizimwa, kuna njia yoyote ya maji ya ziwa kuingia botini?
4. Je, ndoo zitabaki mahali pake boti ikilala ubavu?

Kama huna jibu la uhakika kwa swali lolote kati ya haya, acha ndoo ufukweni kwa leo na utumie chambo kilichokufa.