Watoe watoto, ila rudini mapema

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu. Mkubwa ana miaka 6, wa kati miaka 4 na wa mwisho mwaka mmoja na nusu. Tunaishi Kimara, Dar es Salaam. Mume wangu yuko kazini Jumatatu mpaka Jumamosi, kwa hiyo Jumapili ndiyo siku pekee tunayokuwa wote. Mwezi uliopita nilimwomba tuwapeleke watoto baharini, Kigamboni, akakubali.

Usiku wa kuamkia safari sikulala. Pilau niliipakua saa kumi na moja alfajiri, nikaifunga kwenye ndoo. Tulipanga kutoka saa tatu, lakini wifi yangu alipopata habari akasema naye anakuja na wanawe wawili, tukamsubiri mpaka saa sita. Kwenye mwendokasi tulisimama njia nzima hadi Kivukoni, mtoto mgongoni, mabegi mkononi. Pale Feri watu walikuwa wamefurika, pantoni mbili zikatuacha. Ufukweni Mjimwema tulifika saa tisa, mdogo analilia usingizi, mkubwa ameshatapika kwenye bajaji. Nikainama kumbadilisha mdogo nepi, kuinuka wa kati hayupo. Kila mmoja alidhani yuko na mwenzake. Tulihangaika karibu nusu saa, tukamkuta kwa mama mmoja muuza mihogo, amekalishwa kwenye benchi, analia, hata jina la baba yake hawezi kulitaja. Pilau nayo ilikuwa imechacha, nikaimwaga. Tulifika nyumbani saa nne usiku, hatusemezani.

Sasa mume wangu anasema shilingi 80,000 zimepotea bure na hatoki tena na watoto. Mama mkwe anasema watoto wa umri huu hawapelekwi popote, wangoje wakue. Wifi amenuna kwa sababu nilimwambia mbele ya watu kwamba yeye ndiye aliyetuharibia siku. Shangazi, wiki nzima niko na watoto hawa ndani ya vyumba viwili. Kweli niache kuwatoa mpaka wakue?

Mama wa watatu, Kimara

Marahaba mwanangu, na pole sana. Yule mama wa mihogo alifanya jambo kubwa. Alimkalisha mtoto mahali pamoja akangoja wenyewe waje, na ndivyo inavyotakiwa. Ukirudi Mjimwema, mtafute umshukuru.

Swali lako nalijibu moja kwa moja: usiache. Ila yale matembezi mliyapanga kwa saa za watu wazima, mkategemea watoto wazifuate. Mtoto mdogo hawezi. Matembezi yake ni mafupi, ya asubuhi, na yanaisha kabla hajachoka. Ukilishika hilo, mengi yaliyowakuta hayatawakuta tena.

Anza na usingizi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji kulala saa 11 mpaka 14 kwa siku, na usingizi wa mchana umo humo. Mwenye miaka 3 hadi 4 anahitaji saa 10 mpaka 13. Mdogo wako mchana analala saa ngapi? Kama ni saa sita au saa saba, basi mlimtoa nyumbani wakati ambao mwili wake ulikuwa unadai kitanda, mkamsimamisha kwenye basi, mkamngojesha pantoni juani. Kulia kwake hakukuwa utundu.

Kwa hiyo hesabu saa kutokea kwenye usingizi wake, urudi nyuma. Wanywe chai nyumbani, saa moja na nusu mko njiani, saa tatu mko mnakokwenda, saa tano mnaanza kukusanya vitu. Saa mbili za kucheza zinawatosha. Mtoto wa miaka 4 hajui kama amefika mbali au karibu. Mpe mchanga, kikombe cha plastiki na kaa wa kumkimbiza, ameshashiba furaha. Waambie mapema kwamba mkimaliza kula ndizi mnaondoka, kisha ondokeni kweli. Na jua kali la mchana litakuwa limewakosa.

Baharini kuna saa nyingine, ile ya maji. Pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Siku hizo, kwa kawaida, maji hupwa kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi jioni. Ukifika saa tisa siku ya bamvua unakuta maji yanapanda, ufukwe unazidi kuwa mwembamba na watu wanasongamana. Kabla ya kupanga safari, tazama mwezi au waulize wavuvi.

Sasa nije kwenye lililonitia hofu zaidi ya yote. Uliandika kwamba kila mmoja alidhani mtoto yuko na mwenzake. Mlikuwa watu wazima watatu na watoto watano, na hakuna aliyekabidhiwa mtoto kwa jina. Wewe ulikuwa na nepi mkononi, na mshika mawili moja humponyoka. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala harushi mikono. Huzama kimya, kwa muda mfupi, hata penye maji ya magotini. Kwa hiyo wekeni zamu inayotamkwa: “Sasa nawaangalia mimi.” Mwenye zamu hashiki simu, hapakui chakula, na hatoki mpaka mwingine aseme, “Nimewapokea.” Karibu na maji, mdogo awe mahali ambapo mkono wako unamfikia.

Kupotea nako kuna kinga yake. Asubuhi, kabla ya kutoka, wapige picha wakiwa na nguo watakazovaa, ili ukiulizwa mtoto amevaa nini usianze kubabaika. Waandikie namba ya simu kwa kalamu ya wino upande wa ndani wa mkono. Wavalishe fulana za rangi moja inayong'aa. Wa kati mfundishe wiki hii, wakati wa kuoga, jina lake kamili, la baba yake na la mtaa wenu, alirudie kila siku mpaka lizoeleke. Mwelekeze pia kwamba akipotea asimame palepale na amwombe msaada mama mwenye watoto au mwenye kibanda.

Kuhusu chakula, nakuomba usikeshe tena. Shirika hilohilo la afya linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje bila kupozwa au kuwekwa moto kwa zaidi ya saa 2. Pilau yako ilikaa ndooni kutoka alfajiri mpaka alasiri, na ulifanya vema kuimwaga. Kwa matembezi ya asubuhi beba ndizi mbivu, machungwa, chapati kavu na maji ya kutosha. Pilau ipike mkisharudi, wadogo wakiwa wamelala.

Wifi yako mpigie simu leo. Alichelewa kweli, lakini kumwambia mbele ya watu, katikati ya taharuki ya mtoto aliyepotea, kulimuumiza, na hilo ndilo la kumwomba radhi. Ukishaomba, mweleze utaratibu mpya: “Wifi, siku hizi tunatoka saa moja na nusu kwa ajili ya usingizi wa mtoto. Ukichelewa, utatukuta hukohuko.” Ila safari ya kwanza nendeni watano peke yenu. Mkishauzoea utaratibu, mkaribishe.

Mama mkwe msikilize, maana umbali na uchovu kweli vipo. Lakini wengi wa umri wake walikulia penye uwanja, shamba na miti ya kupanda, na mtoto akitoka mlangoni alikuwa ameshafika matembezini. Wanao wana vyumba viwili. Kwao kutoka ni sehemu ya malezi: kuona watu, kungoja zamu, kuuliza maswali. Usibishane naye. Mwambie safari ijayo ni ya karibu na mchana mtakuwa nyumbani, na umletee machungwa.

Limebaki la mume wako, na hili ndilo zito. Nimeisoma barua yako mara ya pili nikitafuta kazi aliyoifanya siku ile, sikuiona. Wewe uliomba, ukapika, ukafungasha, ukabeba, ukabadilisha nepi. Yeye alikubali na akalipa. Sidhani kama ni ubaya; wanaume wengi hawajawahi kukabidhiwa siku ya watoto, wanapelekwa tu kama wageni. Na mgeni siku ikiharibika haoni la kurekebisha, anaona hasara. Mkabidhi kazi nzima, usimwombe “kusaidia”. Wakubwa wawili wawe wake kutoka mlangoni mpaka kurudi mlangoni: viatu vyao, maji yao, choo chao, mikono yao barabarani. Mdogo na mfuko mmoja viwe vyako.

Kwa kuanzia achaneni na pantoni. Nendeni Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama. Kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali za kuingia na kutoka, kuna miti, magari hayawapitii watoto miguuni, na mwishoni mwa wiki huwa kunachezwa ngoma. Hakuna maji ya kuwatia hofu wala foleni ya kivuko, na nauli haitafika hata robo ya zile 80,000. Kigamboni mtakwenda mkishazizoea hizi saa mpya.

Zungumza na mume wako siku ya katikati ya wiki, akishakula na kupumzika, usingoje Jumapili yenyewe. Mweleze gharama kwanza, kwa sababu hilo ndilo alilolalamikia. Kisha mwambie: “Baba watoto, nipe Jumapili moja, kuanzia saa moja na nusu mpaka saa sita mchana. Wakubwa wako na wewe, mdogo yuko na mimi. Jioni yote ni yako upumzike.” Ni ombi dogo lenye mwanzo na mwisho, na baba anayewapenda wanawe anaweza kulikubali bila kuona ameshindwa.

Shangazi