Kabla ya Kumpeleka Mwanao Kutoa Msaada

Kila Desemba magari ya makanisa, vyama vya akina mama na maofisi hutoka Nakuru mjini kuelekea makao ya watoto, yamebeba unga, sukari, sabuni na watoto waliovalishwa fulana za rangi moja. Vitu hushushwa, nyimbo huimbwa, picha hupigwa, na kufikia saa kumi jioni kila mtu yuko njiani kurudi. Nia ni njema. Lakini mtoto aliyepelekwa huko akajifunze utu hurudi akidhani maskini ni watu wa kutazamwa mara moja kwa mwaka.

Sheria nayo imesonga mbele. Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 huyafanya makao kuwa kimbilio la mwisho, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto kwa jamaa zao au kuwapa familia za malezi. Basi kabla ya kununua sukari, mwulize msimamizi ni nini kinachowakwamisha watoto kurudi kwao. Huenda akakutajia nauli, sare ya shule au godoro. Usipige picha za nyuso zao, wala usimchukue mtoto akale Krismasi kwako bila idhini ya afisa wa watoto.

Mimi ningeishauri familia ichague nyumba moja tu, iliyo karibu, na isiiache. Wa kukusaidia kuipata ni mhudumu wa afya ya jamii, ambaye hutembelea kaya zipatazo 100. Yeye ndiye anayejua nani mtaani Kaptembwa hawezi kuamka kitandani na shosho yupi Lanet analea wajukuu peke yake. Mwombe awaulize wenyewe kwanza kama wangependa kutembelewa.

Kisha mpe kijana wako kazi ambayo asipoifanya itaonekana: kuchota maji kila Jumamosi, kupasua kuni, kukumbuka tarehe ya kliniki. Mzee aliyetimiza miaka 70 anaweza kuandikishwa katika Inua Jamii, mpango wa serikali unaowapa wazee shilingi 2,000 kwa mwezi. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kumsindikiza hadi kwa chifu usajili unapofunguliwa, na baadaye kumsomea ujumbe wa malipo kwenye simu. Namba ya siri ya mzee asiiguse hata akiombwa. Amfundishe mzee kuibonyeza mwenyewe. Malezi yapo hapo hasa, kijana anapojua kwamba asipofika kuna mtu anayemngoja mlangoni. Hata mazungumzo ya chakula cha jioni hubadilika. Atauliza kwa nini maji hayafiki mtaa ule, na mzazi asiharakishe kumpa jibu la kumnyamazisha.

Angalia pia ni nani anayetumwa. Katika nyumba nyingi binti hupewa kufua na kupika, kaka yake akabeba mfuko wa unga na kutokea kwenye picha. Wabadilishane. Waende wawili wawili, na mtoto asifungiwe chumbani na mtu mzima yeyote. Akirudi na jambo linalomsumbua, laini ya watoto ni 116, na haina malipo.

Kaunti ya Nakuru inayajua majanga: waliofurushwa makwao na ghasia za baada ya uchaguzi, waliojaa uwanja wa maonyesho mwanzoni mwa 2008, bwawa la Solai lililopasuka usiku wa Mei 9, 2018, mafuriko yaliyofagia nyumba Mai Mahiu kabla ya alfajiri ya Aprili 29, 2024. Siku kama hizo vijana hutaka kukimbilia kwenye matope. Wazuie, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, kisha uwape nguo za kuchambua: zilizochanika zitupwe, za watoto zitengwe kwa umri, kila mfuko uandikwe kilichomo. Ni kazi ya kuchosha na haina sifa, lakini bila hiyo nguo hurundikana tu.

Na ikiwa lazima mtoke Desemba, nendeni kituo cha damu. Kenya hutegemea sana wanafunzi wa sekondari kwa damu, hivyo shule zikifungwa akiba hupungua, wakati huohuo barabara ya Salgaa na Migaa ikijaa magari ya sikukuu na hatari ya ajali. Mwenye umri wa miaka 16 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50 anaweza kutoa, mradi apite vipimo vya afya. Ale vizuri, anywe maji mengi kabla ya kwenda, na mzazi aliyemleta naye akunje mkono wa shati.