Kumtoa Kinjeketile majini, Busisi

Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, kilomita 3 za maji kati ya Kigongo na Busisi zinavukwa kwa dakika chache. Wenyeji bado wanakumbuka foleni za kivuko, macho yote yakiwa ziwani. Ufuko wa Busisi unaifaa sana *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, tamthilia iliyochapishwa mwaka 1969, ambamo Kinjeketile anavutwa majini na kutoka akiwa mkavu, akileta maji ya dawa ya kuwakinga watu na risasi.

Hapo ndipo kikundi nilichokiongoza kilipoteleza. Kijana aliyemwigiza Kinjeketile akiwa amepandwa na mzimu Hongo alipiga kelele na kujitupa chini, watoto wakacheka. Mazoezi yaliyofuata aliambiwa atoke polepole na aseme kwa sauti ya chini, na kazi ya kuogopa waachiwe wanaomtazama. Kicheko kilikoma.

Tamthilia hii huharibika mwigizaji anapoyacheza maji kama uongo tangu mwanzo. Kinjeketile wa historia, yule wa Ngarambe, alinyongwa Mohoro Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vimeanza, na bado watu waliendelea kupigana hadi 1907. Wasukuma wa huku nao hawahitaji kuelezwa nguvu ya dawa mbele ya umati. Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Kila manju, yaani kiongozi wa ngoma, ana dawa yake ya mvuto. Mwigizaji akakae kwenye tamasha la ngoma la Bulabo pale Bujora mwezi Juni, atazame mtu anavyoingia uwanjani akiwa ameamini kabisa.

Pamba nayo isipitwe haraka. Njaa na kazi ya lazima kwenye shamba la pamba la Mjerumani ndizo zinazowafanya watu wayahitaji maji, na mkulima wa Sengerema anaijua pamba kwa mikono yake.

Jukwaa liwe na ziwa mgongoni. Alasiri upepo hutoka ziwani, hivyo sauti zitawafikia watazamaji. Na kwa kuwa Busisi iko magharibi ya ghuba, jua litawamulika waigizaji usoni. Muda wa kuanza upangwe ili igizo liishe jua likizama. Mwishoni, Kitunda atakapomsihi mwenzake Kinjeketile kifungoni akane neno lake kuhusu maji, naye akakataa, giza litakuwa linaingia. Taa zisiwashwe.