Nyenzo za Intaneti kwa Mtafiti wa Kiswahili: Upatikanaji na Uhakiki

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu mtafiti wa Kiswahili alitegemea maktaba chache zilizohifadhi majarida ya taaluma yake. Makala haya yanabainisha nyenzo za intaneti zilizopunguza tatizo hilo, pamoja na hatari iliyozuka nazo.

2.0 Nyenzo

Ya kwanza ni African Journals Online, hazina ya majarida ya Afrika iliyoanzishwa mwaka 1998 na shirika la INASP la Uingereza. Usimamizi wake ulihamia Afrika Kusini mwaka 2005. Ya pili ni jarida la Swahili Forum, lililoanza Köln, Ujerumani, mwaka 1994, ambalo makala zake husomwa bila malipo.

3.0 Hatari

Yapo majarida laghai yanayopokea ada na kuchapa makala zisizopitiwa na wataalamu. Hata hivyo, ada peke yake si ushahidi wa ulaghai, kwani majarida mengi halali huitoza. Orodha ya Directory of Open Access Journals, iliyoanzishwa mwaka 2003, huingiza majarida yaliyotimiza vigezo maalumu. Aidha, tangu mwaka 2015 kampeni ya Think. Check. Submit. humwongoza mwandishi kuuliza: je, wahariri wanafahamika? Utaratibu wa kupitia makala umeelezwa? Ada zimetajwa bayana?

4.0 Hitimisho

Anayenaswa na jarida laghai hapotezi fedha tu. Jarida halali kwa kawaida halipokei makala iliyokwisha kuchapishwa; hivyo basi, utafiti wa miaka mingi huweza kukosa msomaji. Uhakiki sharti uutangulie utumaji.