NAULI NA GHARAMA ZA GARI LA ABIRIA

Matatu ijaapo abiria katika Lugulu, kwenye barabara itokayo Webuye kwenda Kitale, watu hudhani kwamba mwenyewe ametajirika. Jambo hili lataka hesabu.

Kipimo chake ni rahisi. Nauli zote za siku zigawanywe kwa gharama zote za siku, kisha zizidishwe kwa 100. Jawabu likiwa 100, nauli zimetosha gharama. Likipungua, gari lala mali ya mwenyewe.

Huu ni mfano wa hesabu tu. Gari lina viti 14, nauli ni Sh. 200, na safari ni 4 kwa siku. Mafuta ni Sh. 5,000, ujira wa dereva na utingo Sh. 1,800, bima na leseni Sh. 700, mipira na matengenezo Sh. 1,000, akiba ya kununulia gari jingine Sh. 1,500. Jumla ni Sh. 10,000. Viti vyote vikijaa, nauli ni Sh. 11,200, yaani 112 kwa mia. Wakipanda abiria 10 tu kila safari, nauli ni Sh. 8,000, yaani 80 kwa mia.

Hapa ndipo wengi wakosapo. Jioni mwenye gari hutoa mafuta na ujira, akabakiwa na Sh. 1,200 mkononi, akafurahi. Kumbe amepata hasara ya Sh. 2,000, kwa kuwa bima, mipira na uchakavu havidai kila jioni. Hudai kwa siku moja, na siku hiyo gari huwekwa juu ya mawe.

Katika miji mingi ya Ulaya nauli hazitoshi, na serikali hujaza pengo kwa fedha za kodi. Matatu hazina msaada huo. Ndiyo sababu dereva hungoja viti vijae, hata kama garini yumo mgonjwa aendaye hospitali. Na ndiyo sababu wengine hushawishika kupakia watu kupita kiasi, wakahatarisha roho zao.

Basi yafaa kila mwenye gari awe na daftari, aandike gharama zote, na kuweka akiba kabla ya kugusa faida. Na apunguze safari za saa zisizo na abiria. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.