Mwana Akitimiza Miaka 18: Ulezi wa Kisheria na Haki za Mtu Mzima Mwenye Ulemavu



Aliyemlea mtoto mwenye ulemavu tangu uchanga, akamtilia saini kila karatasi ya kliniki na ya shule, huona kuwa mamlaka yake juu ya mtoto huyo hayana kikomo. Kisheria, kikomo kipo. Sheria ya Madani ya Qatar, Namba 22 ya mwaka 2004, imeuweka umri wa utu uzima kuwa miaka 18. Somo hili linaeleza kinachobadilika siku hiyo, na namna ya kujitayarisha.

Ulemavu pekee si sababu ya kuwekewa mlezi

Asiyeona, kiziwi, au anayetumia kiti cha magurudumu haondokewi na uwezo wa kujiamulia. Anachohitaji ni kufikishiwa maelezo: mkalimani wa lugha ya alama, mtu wa kumsomea, au muda wa kutosha wa kujibu. Suala la ulezi huzuka pale tu maradhi au upungufu wa akili unapomzuia mtu kufahamu jambo analotakiwa kuliamua. Hata hapo, asiyeweza kuelewa mkataba wa benki huenda akaeleza vizuri kabisa mahali panapomuuma na anayetaka aingie naye kwa daktari.

Nani humteua mlezi?

Ulezi wa mtu mzima haupatikani kwa kuwa mkubwa katika ukoo, wala kwa kuwa ndiye mlipaji wa kodi ya nyumba. Hutolewa na mahakama, baada ya kutazama ripoti za matabibu. Yapo mambo mawili ya kutofautisha: ulezi wa nafsi, unaohusu afya, makazi na matunzo; na usimamizi wa mali. Huu wa pili umewekewa Sheria Namba 40 ya mwaka 2004, ambayo pamoja na watoto inawagusa pia watu wazima waliopungukiwa na akili.

Msimamizi wa mali ni mwekewa amana. Mshahara, akiba na fungu la urithi hubaki kuwa mali ya mwenyewe. Kwa Waislamu hili si geni: Suratun-Nisaa imeliwekea mipaka suala la kushika mali ya wasioweza kuisimamia, ikaamrisha walishwe, wavishwe na wasemeshwe kwa wema.

Kwa wakazi wa kigeni, sheria ya Qatar huitazama sheria ya nchi ya uraia katika masuala ya uwezo wa mtu na ulezi wake. Hivyo hati ya mahakama ya Dar es Salaam au Mombasa inaweza kuwa na uzito, ila yafaa ithibitishwe na Wizara ya Mambo ya Nje ya huko, Ubalozi wa Qatar na Wizara ya Mambo ya Nje ya Qatar, kisha itafsiriwe kwa Kiarabu.

Mbele ya daktari

Tuchukue mfano wa binti wa miaka 20 aliye kiziwi, anayetakiwa kufanyiwa upasuaji. Mama anajibu kila swali, na binti anatazama sakafu. Mama ana nia njema, lakini ridhaa ni ya binti. Mama aseme, "Tafadhali mwulizeni mwenyewe, mimi nitamsaidia kuelewa." Kumsaidia mtu kuamua ni kitu kimoja, kuamua kwa niaba yake ni kingine.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, katika ibara yake ya 12, unatambua haki hiyo na kuzitaka serikali zimpatie mtu msaada anaouhitaji ili aitumie. Qatar, Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009.

Mlezi aliyeteuliwa naye ana mipaka. Ulezi si ruhusa ya kumfungia mtu chumbani, kumpiga, kumficha asionekane na wageni, wala kutumia fedha zake kwa haja za wengine.

Jitayarisheni mapema

- Mwaka mmoja kabla ya miaka 18, mwulizeni daktari wake kama ulezi unahitajika kweli, na kwa mambo gani.
- Kusanyeni ripoti za matibabu, cheti cha kuzaliwa, pasipoti na kitambulisho cha ukazi.
- Ulizeni ubalozi wa nchi yenu kuhusu sheria ya nyumbani.
- Mkihitaji mahakama, tafuteni wakili; lugha ya mahakama ni Kiarabu.
- Semeni mapema nani atashika amana hii mkifariki au mkirejea nyumbani.
- Kwa msaada wa afya ya akili, pigeni 16000. Kwa dharura, pigeni 999.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Ni maamuzi gani ya mwenzetu tunayoyafanya sisi, ilhali angeweza kuyafanya mwenyewe?
2. Fedha zake ziko wapi, na nani anaziandikia hesabu?
3. Mara ya mwisho tulimwuliza lini anachokitaka?

Swali la tatu aulizwe yeye kwanza.